Kipupwe cha Mombasa: Msimu Mzuri Uliosingiziwa

Jumatatu ya Pasaka ikishapita, hoteli nyingi za ufuoni Mombasa, kuanzia Nyali na Bamburi hadi Shanzu, na kule ng'ambo ya Likoni hadi Diani, huanza kuhesabu vitanda vitupu. Meneja hufunga jengo moja na kubakiza jingine. Viti vya ufuoni hukunjwa na kupelekwa stoo, mafundi wa makuti wakapanda paani. Wahudumu huitwa ofisini mmoja mmoja kuambiwa wachukue likizo, mwenye bahati kwa malipo na mwingine bila malipo, mpaka Julai. Kibarua haitwi kokote. Hukuta tu jina lake halimo kwenye zamu ya wiki ijayo.

Nje ya geti la hoteli, mji wenyewe huwa unaelekea majira yake mazuri kabisa. Kufikia Juni masika yameyoyoma. Lile joto la Machi, linalomtoa mtu kitandani usiku wa manane akatafute upepo barazani, limekwenda zake, na upepo kutoka baharini unapita vichochoroni mchana kutwa. Soko la Kongowea linapokea machungwa kwa malori. Jioni, bustani ya Mama Ngina inajaa familia zilizotoka kubarizi. Watu wapo, chakula kipo na biashara ndogondogo zinaendelea. Aliyekosekana ni mgeni wa hoteli peke yake.

Hali hii imezoeleka mno hata haiulizwi. Wenye hoteli huiita msimu wa chini, vijana wa ufuoni huiita msimu mbaya, na wote wawili huizungumzia kana kwamba imeshushwa na Mungu pamoja na mvua. Ukiichunguza kwa jicho la biashara, utaona mvua imesingiziwa. Mvua kubwa ya Mombasa ni ya wiki chache. Pengo la vitanda ni la miezi, na chanzo chake kiko mbali na mwambao.

Mwaka wa pepo mbili

Watu wa pwani wamehesabu mwaka kwa pepo tangu enzi za majahazi. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Ghuba na Bara Hindi. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, na ndiyo iliyovirudisha makwao. Kusi ilipokaza, Juni na Julai, manahodha wenye akili hawakutoka. Vyombo vilikokotwa pwani vikazibwa nyufa na kupakwa deheni, vikangoja bahari itulie. Hoteli za leo zinafanya vivyo hivyo kwa paa zao. Tofauti ni kwamba mji wa zamani haukufunga maduka kwa sababu jahazi liko juu ya gogo.

Ndani ya majira ya kusi kuna sehemu mbili ambazo matangazo ya utalii huzichanganya. Kuna masika, ambayo hufika kilele Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Kisha kuna kipupwe, Juni hadi Agosti. Hapo mvua hupungua, na ile inayobaki aghalabu ni manyunyu ya alfajiri au ya asubuhi yanayopita kabla hujamaliza chai. Mchana wa Machi joto hufika nyuzi 32 au 33. Mchana wa Julai huishia 27 au 28, na usiku hushuka hadi 20 au 21. Kwa mtu wa Mombasa hiyo ni baridi ya kutafutia sweta. Kwa anayetoka Nairobi, ambako usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 11, ni faraja.

Sasa, ikiwa Juni na Julai zina hali ya hewa ya namna hii, mbona vitanda ni vitupu Juni, na Julai ndio kwanza vinaanza kujaa?

Kalenda iliyotoka Ulaya

Utalii wa ufuo wa Kenya ulikua katika miaka ya 1970 na 1980 kwa kutegemea ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uswisi, Uingereza na Italia. Mteja wa ndege hizo alikuwa anakimbia theluji. Alikuja Desemba hadi Machi, kipindi cha kaskazi, akitaka jua kali na bahari shwari, na vyote viwili alivipata. Theluji ilipoyeyuka kwao mwezi Aprili, alibaki na bahari yake ya Mediterania, iliyo karibu na rahisi kuifikia. Ndege zikasimama, vitanda vikabaki. Malindi na Watamu, zilizojengeka sana juu ya mgeni wa Kiitaliano, zimekuwa zikifunga milango baada ya Pasaka na kuifungua Julai kwa sababu hiyo hiyo.

Basi msimu wa chini ulianza kama ratiba ya ndege, ukageuka mazoea ya biashara nzima. Benki ikajua mkopaji wake hana kitu Mei, msambazaji wa kuku akapunguza vifaranga, na chuo cha hoteli kikamwambia mwanafunzi asitafute kazi kabla ya Julai. Kila mmoja alijipanga kwa ajili ya njaa, na mtu aliyejipanga kwa njaa hatafuti mteja.

Hatari ya kufuata kalenda ya mtu mwingine ilionekana wazi Mei 2014. Serikali ya Uingereza ilitoa tahadhari ya usafiri, na kampuni za Thomson na First Choice zikawarudisha wateja wao waliokuwa pwani na kusitisha safari zao za ndege za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba mwaka huo. Uamuzi uliofanyika London ulimaliza kazi za watu Bamburi ndani ya siku chache. Miaka sita baadaye korona ilifunga anga zote. Wageni wa kimataifa nchini Kenya, waliokuwa takriban milioni 2 mwaka 2019, walishuka hadi karibu 580,000 mwaka 2020. Hoteli zilipofungua tena milango, walioingia kwanza walikuwa Wakenya wenyewe, wamekuja kwa magari yao na kwa treni, wakiuliza bei kwa shilingi.

Upepo mmoja, hesabu mbili

Anayedhani upepo wa kusi ni adui wa utalii aitazame Salalah, mji wa bandari kusini mwa Oman. Upepo huu huu unaotupita sisi Juni huendelea kaskazini hadi ufuo wa Dhofar, ukaleta ukungu na manyunyu juu ya milima inayogeuka kijani. Waarabu huita majira hayo kharifu. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, familia kutoka Muscat, Dubai, Riyadh na Kuwait humiminika Salalah kukimbia joto linalopita nyuzi 40 makwao. Katika miaka ya karibuni idadi yao imefika takriban milioni moja kwa msimu mmoja. Wanakwenda kutafuta nyuzi 25 au 26, mawingu, mvua nyembamba, na madafu na ndizi za barabarani.

Mombasa ina vitu hivyo vyote. Isitoshe, ina undugu na Oman ambao mji mwingine hauwezi kuununua. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, Fort Jesus, kuanzia 1696 na kuitwaa kwa Wareno 1698. Familia nyingi za Muscat zina shangazi na binamu Mji wa Kale, na Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani mwao. Januari 2024 shirika la flydubai lilianza safari za moja kwa moja kati ya Dubai na Mombasa. Njia ipo, lugha ipo, na joto la kumsukuma mgeni atoke kwake lipo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba Julai ya Mombasa ni ya kipupwe, na kwamba kuna nyumba za kupanga zenye jiko na vyumba vya kutosha familia ya watu kumi, maana mgeni wa aina hiyo hasafiri wawili wawili kama Mjerumani.

Anachopata mgeni

Faida ya kwanza ni bei. Hoteli nyingi za pwani zina orodha ya bei iliyogawanywa kwa misimu, na Aprili hadi Juni huwa chini kabisa ya orodha, huku wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya ikikaa kileleni. Sababu yake iko wazi. Muuza mchele akikosa mteja leo, gunia lake lipo kesho. Chumba kisicholaliwa usiku wa leo kimepotea, na mshahara wa mlinzi, umeme wa majokofu na riba ya benki vimeshalipwa. Ndiyo maana mgeni wa Juni anayepiga simu mwenyewe na kutaja idadi ya siku zake ana nguvu ya kupatana ambayo mgeni wa Desemba hana. Usafiri nao ni vivyo hivyo. Tiketi ya treni ya SGR kutoka Nairobi, ambayo tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, haibadiliki kwa msimu, lakini Desemba huipati na Juni unaipata. Ni kilomita 472 za kukaa dirishani kwa takriban saa tano, ukipita katikati ya Tsavo.

Faida ya pili ni mji wenyewe, na hapa ndipo msimu wa kaskazi unaposhindwa. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukiingia saa saba mchana mwezi Machi, kuta zake za matumbawe zinakutoa jasho hata husikii anachosema muongozaji. Ukiingia Julai, unaweza kukaa nusu siku. Kutoka pale ni hatua chache kuingia Mji wa Kale, kwenye milango ya nakshi, roshani za mbao na Msikiti wa Mandhry unaotajwa kuwa wa 1570. Huo ni mji wa kutembea kwa miguu, na kutembea kwa miguu kunataka kipupwe. Ukimaliza, soko la Marikiti lipo na viungo vyake, na Mtaa wa Biashara upo na leso zake, ambapo mwenye duka asiye na foleni ana wakati wa kukukunjulia jozi ishirini na kukusomea jina la kila moja.

Jioni ni ya Mama Ngina, bustani ya ufuoni iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya 2019. Huko utakuta mhogo wa kukaanga uliomiminiwa pilipili na ndimu, viazi karai, achari ya embe na kahawa chungu, na meli kubwa zinapita mbele yako kuingia Kilindini. Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Machungwa unayouziwa Kongowea mengi yametoka Muheza, Tanga, maana kipupwe ndiyo majira yake.

Faida ya tatu iko nje kidogo ya mji. Maporomoko ya Sheldrick katika hifadhi ya Shimba Hills, kilomita zipatazo 33 kutoka Mombasa, huwa na maji ya kutosha baada ya masika. Hifadhi hiyo ndiyo mahali pekee nchini Kenya ambapo palahala wanaishi porini. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita mwambao wa Kenya wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu, na huonekana kuanzia Shimoni na Diani hadi Watamu. Diani yenyewe hupata upepo ambao wachezaji wa kuteleza baharini kwa tiara huusafiria kutoka mbali. Magofu ya Gedi, umbali wa kama kilomita mia kaskazini, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia Julai 2024. Kule Bamburi, bustani ya Haller, iliyoanza 1971 kwa kupanda mivinje kwenye machimbo ya saruji yaliyokuwa jangwa tupu, hutembeleka vizuri zaidi jua likiwa pole.

Yasiyofichwa

Biashara haijengwi kwa kumdanganya mteja, kwa hiyo na haya yasemwe. Mei si mwezi wa kumpeleka mtu likizo ya ufuoni. Mvua ni kubwa, mitaro ya mji huzidiwa, na baadhi ya barabara za mitaani hugeuka vidimbwi. Bahari ya kusi ina mawimbi, na maji yake si maangavu kama ya Februari. Anayetaka kuzamia na kutazama samaki mwambani asubiri Oktoba, na baadhi ya vituo vya kuzamia hufunga kabisa katikati ya mwaka. Samaki nao huadimika na kupanda bei, kwa sababu ngalawa na mitumbwi haviwezi kuvuka mwamba kila siku. Meli za watalii hazipiti kipindi hiki. Mgeni aliyeambiwa haya mapema hutua na matarajio sahihi, huridhika, na hurudi. Aliyeuziwa picha ya Januari akaletwa Mei hulalamika mitandaoni mwaka mzima.

Kwa hiyo dirisha zuri hasa ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Julai na Agosti biashara huinuka kiasi, lakini hata hapo nafasi hubaki nyingi. Aprili na Mei zina mteja wao mwingine, nitamtaja hivi punde.

Gharama ya miezi mitupu

Anayeumia kwanza ni mfanyakazi. Mhudumu anayelipwa miezi tisa kwa mwaka ana watoto wanaokula miezi kumi na miwili, na muhula wa pili wa shule hufunguliwa wakati ule ule anapoambiwa apumzike nyumbani. Mkopo wa chama haungoji Julai. Wengi huvuka kipindi hicho kwa kuendesha bodaboda au tukutuku ya mtu, kuuza maji, au kurudi shambani Kilifi, Kwale na Taita. Baadhi hawarudi tena hotelini. Hoteli iliyomfundisha mtu kwa miaka mitatu humpoteza kwa miezi mitatu, kisha hulalamika kwamba huduma imeshuka.

Nyuma ya mhudumu kuna mnyororo mrefu. Kuna mkulima wa Wundanyi anayeleta kabichi na karoti, mfugaji wa kuku, mfua mashuka, kikundi cha ngoma, dereva wa teksi, na muuza madafu. Wachongaji wa Akamba kule Changamwe, ambao chama chao cha ushirika kilianzishwa 1963, huendelea kuchonga na kurundika. Karakana ya Bombolulu, iliyoanzishwa 1969 kuwapa kazi watu wenye ulemavu, hutegemea mgeni aingie mlangoni. Serikali pia ina hisa yake. Kila bili ya chumba na chakula ina VAT ya asilimia 16, pamoja na ushuru wa asilimia 2 unaokwenda Mfuko wa Utalii. Kitanda kitupu hakilipi kodi.

Soko liko jirani

Takwimu za taifa zimeshasema soko liko wapi. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kimataifa takriban milioni 2.4. Nchi iliyoongoza ilikuwa Marekani, ikifuatwa na Uganda na Tanzania. Katika hao watatu hakuna anayepangiwa safari na theluji ya Ujerumani. Shule za Marekani hufungwa Juni hadi Agosti, na Wamarekani wengi huja wakati huo kutazama nyumbu wakivuka mto Mara. Anayepanda ndege akitoka Mara na kurudi moja kwa moja kwao, bila kulala hata usiku mmoja pwani, amepotea mikononi mwetu. Mganda na Mtanzania husafiri kwa sikukuu, kwa harusi, kwa biashara na kwa mikutano, nyakati zote za mwaka.

Mikutano ndiyo mteja wa Aprili na Mei niliyemtaja. Mtu wa semina hukaa ukumbini mchana, kwa hiyo mvua haimkoseshi kitu. Chama cha wahasibu wa Kenya, ICPAK, kimekuwa kikifanya semina yake kuu ya mwaka Mombasa mwezi Mei, na wiki hiyo ukiuliza chumba Bamburi unaambiwa kimejaa. Mawakili hukutana Diani Agosti. Hilo ni somo kwa vyama vingine vya wanataaluma, mabenki, vyama vya ushirika, makanisa na misikiti: ukumbi wa pwani Mei unapatikana kwa masharti ambayo Novemba hutayasikia. Tahadhari ni moja. Hoteli zilizoegemea semina za serikali pekee huanguka serikali inapobana matumizi, na imekuwa ikibana. Mteja binafsi ni mgumu kumpata lakini ana uthabiti.

Kisha yuko Mkenya wa bara. Julai yake ni ya makoti na mawingu mazito, na Agosti watoto wako likizoni. Kwa miaka mingi huyu amechukuliwa kama mteja wa kuzibia pengo, anapewa bei ya mkaazi kwa shingo upande na chumba cha nyuma. Korona ilionyesha kwamba ndiye anayekuja wengine wote wakishindwa. Anastahili kukaribishwa kama mteja halisi, awe mama aliyeleta wanawe watatu kwa treni au chama cha akina mama kilichoweka akiba mwaka mzima.

Kazi iliyobaki

Miundombinu mingi imeshajengwa. SGR imekuwapo tangu 31 Mei 2017. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika 2024, pamoja na daraja lake la Mteza lenye urefu wa mita 1,440, inamtoa mgeni uwanja wa ndege au kituo cha treni cha Miritini hadi Diani bila kugusa foleni ya feri ya Likoni. Kilichobaki ni kazi ya watu.

Kwanza, hoteli ziache kuuza ufuo peke yake. Bahari ikichafuka Juni, hoteli iliyouza ufuo tu haina cha kuuza. Iliyofungamana na muongozaji wa Mji wa Kale, mpishi wa Kiswahili, dereva wa Shimba Hills na nahodha wa Shimoni ina siku nne kamili za kumpa mgeni, na fedha zake zinasambaa hadi kwa watu ambao hawajawahi kuvaa sare ya hoteli. Bei ya kifurushi hicho itangazwe wazi, kwa shilingi, na mgeni wa Afrika Mashariki aione bila kubembeleza.

Pili, kaunti na vyama vya wenye hoteli vipange kalenda ya Juni na Julai miaka miwili mbele, isibadilike. Zanzibar ina Mwaka Kogwa wa Makunduchi kila Julai na tamasha la filamu la ZIFF katikati ya mwaka, na watu huzijua tarehe hizo mapema wakanunua tiketi. Mombasa ina maonyesho ya kilimo ya Mkomani, ambayo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kabla ya hapo kuna pengo ambalo mashindano ya ngalawa, siku za vyakula vya Kiswahili, au usiku wa taarabu ndani ya Fort Jesus yangelijaza bila gharama kubwa. Mashairi, ngoma na mapishi tunayo. Tumekosa tarehe tu.

Tatu, mitaro na taa. Mgeni wa kipupwe ni mgeni wa mjini, na mji wenye maji yaliyotuama na vichochoro vya giza hauuziki kwa bei yoyote. Hii ni kazi ya kaunti, na ifanywe Februari kabla ya masika.

Nne, mfanyakazi. Hoteli inayojua itauza vitanda nusu Juni inaweza kugawa mshahara wa mwaka kwa miezi kumi na miwili, au kuutumia mwezi huo kwa mafunzo ya lugha na mapishi, badala ya kumfukuza mtu na kumtafuta tena Julai. Chama cha wafanyakazi, KUDHEIHA, na chama cha wenye hoteli vinakaa meza moja kila wanapojadili mikataba. Jambo hili liingie kwenye mazungumzo hayo.

Neno kwa msomaji

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na wengi tunaisikia kama maneno ya ukarimu tu. Mjini Mombasa mwezi Juni ina maana ya moja kwa moja. Usiku mmoja unaolala Bamburi Desemba unaongezwa juu ya mia nyingine. Usiku huo huo ukiulala Juni, unaweza kuwa ndio uliomrudisha mhudumu kazini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una siku tano za likizo na hujaziwekea mwezi, ziweke kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Agosti. Kata tiketi ya treni, piga simu hotelini mwenyewe uulize bei ya msimu, chukua sweta jepesi na viatu vya kutembelea. Siku ya kwanza usiende ufuoni. Anza na mahamri Mji wa Kale, umwajiri muongozaji mwenyeji, umlipe vizuri, na jioni ukae Mama Ngina upepo wa kusi ukupige usoni. Upepo huo ulirudisha majahazi kwao kwa karne nyingi, na majira yake yakaitwa ya kuondoka. Sisi tuyafanye majira ya kufika.